Mgeni wa Jumatatu: Chini ya Mkeka

"Bibi! Mgeni wa Jumatatu amekuja leo Jumanne!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolikunja gazeti kwa hasira. Mtoto wa miaka saba amefungua mlango, amemkuta mama yake mzazi amesimama kizingitini na theluji mabegani, kisha amegeuka kuita jikoni kama anayemtangaza mleta barua.

Mama huyo ni Telesia, mwigizaji wa jukwaani. Alikuwa ametoka Scarborough mbio, mabasi mawili, bila glavu, baada ya mwalimu kumpigia simu: "Leo tumemuaga Leanne darasani. Watoto wamemkatia keki. Kwani hukujua?"

Hakujua.

"Shikamoo," Leanne alisema kwa adabu, mikono nyuma.

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

Mtoto akatazama soksi zake. Nyuma yake, pale sebuleni, yalikuwa masanduku mawili. Kubwa jeusi, na dogo la rangi ya waridi. Lile la waridi lilikuwa limefungwa kikaratasi, na kwenye kikaratasi mtu ameandika kwa herufi kubwa za kitoto: LEANNE, CALGARY.

"Mwambie mgeni avue viatu," sauti ilitoka jikoni. "Nimepiga deki."

Hiyo ilikuwa sauti ya Vera, mama mkwe wake. Mgoa wa Tanga, miaka thelathini Markham, na bado saa ya jikoni kwake ikifika kumi na mbili jioni anasema kumi na mbili, si sita. Alikuwa amevaa nyeusi tupu. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu amzike mumewe, Domnic.

Telesia aliingia jikoni na soksi zilizolowa.

"Mama, mnampeleka wapi mtoto?"

"Kwa baba yake." Vera hakugeuka. Alikuwa akigeuza sambusa kwenye mafuta. "Brendan ana nyumba Calgary. Ana kazi. Ana Jumapili ya kukaa na mtoto. Keshokutwa Ijumaa... hapana, leo Jumanne, siku zimenichanganya. Ijumaa saa nne asubuhi tunaruka, mimi na yeye."

"Na mimi?"

"Wewe una jukwaa."

"Mnaondoka na mwanangu bila kuniambia?"

"Nilikungoja jana nikuambie. Jana Jumatatu. Nikapika, nikaweka na sahani yako. Ukatuma ujumbe kwamba una mazoezi." Akatoa sambusa moja, akaipulizia, akampa Leanne. "Nimezoea kukungoja, Telesia. Hata Padre amezoea."

Neno hilo lilimchoma mahali pake. Nanyi mliokuwa nami tangu mwanzo mnajua ni mahali gani.

Kwa aliyechelewa: Domnic akiwa kitandani, mgonjwa wa kufa, aliomba kitu kimoja tu. Hakutaka kwaya. Alitaka siku ya kumzika mkwewe amwimbie wimbo wa Kisamoa, lugha ya kwao visiwani, aliokuwa akimbembelezea Leanne alipokuwa mchanga, ule uliokuwa ukipenya ukuta na kumlaza na yeye mzee. Telesia aliahidi, mkono wa mzee ukiwa mkononi mwake. Siku ya mazishi, mwigizaji mkuu wa tamthilia yao ya nyimbo akakaukiwa sauti. Telesia ndiye mbadala wake. Simu ikapigwa. Telesia akaenda.

Mchana ule watu mia nane walisimama kumpigia makofi. Kanisani Padre alingoja dakika ishirini, jeneza mbele yake, halafu mpiga kinanda akaanza kupiga chochote ili kuziba ukimya.

"Nilikuomba radhi, Mama."

"Kwa simu."

"Nilituma maua."

"Maua!" Sasa Vera aligeuka. "Yamekuja na kadi iliyoandikwa kwa mashine. Jina la Domnic limekosewa."

Telesia alitoa simu mfukoni, akampigia Brendan pale pale. Mumewe alipokea kwenye mlio wa sita.

"Telesia, tafadhali, usifanye mambo kuwa magumu. Mama ameshaamua."

"Na wewe umeamua nini?"

"Niko kazini." Akakata.

Ndivyo alivyo Brendan. Miaka minane ya ndoa, mitatu Calgary, na siku zote yuko kazini.

"Hamuwezi kunichukulia mtoto," Telesia alisema, na sauti ile inayofika mpaka kiti cha mwisho cha ukumbi ilitoka nyembamba kama uzi.

"Kukuchukulia?"

Vera alizima jiko. Akaingia chumbani, akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa shuka jeupe. Akakifungua mezani, juu ya unga.

Telesia aliutambua kabla haujakunjuliwa. Ulikuwa mkeka, lakini si mikeka hii ya kukalia mnayoijua. Huu ni laini kama kitambaa, umesukwa kwa nyuzi nyembamba kama nywele, na pindo lake lina manyoya mekundu ya ndege. Mama yake aliusuka kwao Apia kwa miaka miwili. Kwa Wasamoa, familia haina hazina kubwa kuliko huo.

"Siku ya ubatizo wa Leanne," Vera alisema, "nani alikuja na hiki? Mbele ya Padre, mbele ya Wagoa wote wa mji huu, ulinipigia magoti, ukaniwekea mapajani. Ukasema nini?"

"Mama..."

"Ukasema nini?"

"Nilisema, 'Mama, huyu mtoto ni wako.'"

"Haya."

"Lakini kwetu hatuna maana hiyo! Kwetu mtoto hulelewa na bibi, hukua na nyumba mbili, huenda na kurudi. Hakuna anayempoteza. Kwetu ni heshima kwa bibi, ni..."

"Kwenu!" Vera alicheka kicheko kikavu. "Mimi sijawahi kufika kwenu. Nimesikia neno, nimelishika. Nimemwogesha. Nimemsuka. Amepata tetekuwanga, nimelala sakafuni kando yake. Miaka mitatu! Wewe unakuja Jumatatu kama mtu wa kusoma mita. Sikuazimwa mtoto, Telesia. Nilipewa."

Akaukunja mkeka, upande kwa upande, akamsukumia kifuani.

"Beba. Kila mtu na chake."

Kwao Telesia, kurudishiwa mkeka namna ile ni afadhali kuzabwa kofi. Aliupokea kwa mikono miwili. Alimtazama binti yake. Leanne alikuwa anatafuna sambusa polepole, macho kwenye sakafu iliyopigwa deki, kwenye alama mbili za soksi za maji ambazo mama yake alikuwa ameziacha.

Hakuna aliyemsindikiza.

*

Simu iliita akiwa ndani ya basi.

"Shoga, umekaa?"

Alikuwa Shaheen, mtunza mavazi wa tamthilia. Mwismailia wa Mwanza, mdomo kama cherehani, na ndiye mtu pekee pale ukumbini ambaye Telesia aliongea naye Kiswahili alichojifunzia jikoni kwa Vera.

"Nimekaa. Niko kwenye basi."

"Basi shikilia kiti. Bibie, yule mwigizaji mkuu, ameacha kazi! Amepata New York, amebeba hata birika la chai. Nafasi ni yako. Si ya siku moja, si ya kushikilia. Yako! Miezi sita, jina lako mlangoni, na taa kulizunguka. Kesho Jumatano, onyesho la saa nane mchana, wenye mali wenyewe wanakuja kukutazama. Uwe hapa saa sita na nusu, nishaanza kulipunguza gauni kiunoni. Telesia? Unalia? Lia, ni haki yako."

Telesia alikuwa analia kweli. Miaka kumi na moja! Alitoka Apia na begi moja, akafagia kumbi Auckland, akacheza mti, akacheza wimbi, akacheza mtumishi wa tatu kutoka kushoto. Kila Jumatatu aliyofika Markham amechoka, kila siku ya kuzaliwa aliyotuma zawadi badala ya kwenda, alijiambia: siku nikipata nafasi yangu, yote haya yatakuwa na maana.

Siku ndiyo hiyo imefika. Imemkuta kwenye basi amepakata mkeka.

"Shaheen, wanaondoka na Leanne Ijumaa."

Upande wa pili mkasi uliwekwa chini.

"Nani?"

"Mama Vera. Wanahamia Calgary."

"Tafuta mwanasheria! Nina binamu..."

"Mwanasheria wa nini? Kila asemalo Mama ni kweli."

Alitazama dirishani. Maduka yalipita, theluji chafu kandoni mwa barabara, akina mama na vigari vya watoto vilivyofunikwa nailoni. Na katikati ya yote hayo likamjia jambo ambalo hakulifikiria kwa miaka mingi.

Alikuwa na miaka minane. Mjomba wake alimgonga kijana wa jirani kwa gari, kijana akafa. Kesho yake alfajiri ukoo mzima ulikwenda kukaa chini mbele ya nyumba ya msiba, vichwa vimeinama, wamefunikwa mikeka ile ya thamani kuliko yote. Hakuna kusema. Hakuna kujitetea. Wenyeji huiita ifoga. Waliokosewa wakitaka, watakupiga mawe chini ya mkeka, na utanyamaza. Wakitaka kusamehe, watatoka wenyewe na kuufunua. Yeye Telesia alikaa gizani ubavuni kwa mjomba, akanusa jasho lake, mpaka jua likawa kali. Ndipo mama wa marehemu akatoka, peke yake, akaushika pindo, akaufunua.

"Shaheen," alisema, "kesho sitakuja."

"Umesemaje?"

"Mama Vera nimemdai mtoto tu. Sijamwomba msamaha kwa njia ya kwetu."

"Basi kaombe leo! Shuka, geuza basi!"

"Kikao chenyewe huanza alfajiri, chini ya mkeka. Na hakina saa ya kwisha."

"Telesia wewe. Nisikilize mimi mwanamke mwenzako. Usipofika saa sita na nusu nafasi inakwenda kwa yule kijibinti wa wacheza ngoma, na haitarudi. Unanisikia? Haitarudi! Nitamtuma kaka yangu Hasham na teksi yake akubebe kama gunia."

Telesia alikata simu, akaufunika mkeka kwa koti lake usilowe.

*

Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, ndiyo alfajiri ya majira ya baridi, theluji ilikuwa imefika vifundoni. Mbele ya nyumba ya Vera, pale Domnic alipokuwa akiegesha gari lake, mwanamke alipiga magoti, akakaa juu ya visigino vyake, akainamisha kichwa. Akajifunika mkeka.

Chini ya mkeka kulikuwa na mwanga wa rangi ya asali. Harufu ya majani makavu, harufu ya nyumbani kwa mama yake. Telesia alifumba macho.

Hakupita muda mlango ukafunguliwa.

"Yesu na Maria! Nani huyo? Telesia? Wewe Telesia, umerukwa na akili?"

Hakujibu.

"Toka hapo! Majirani wanaona!"

Kimya.

"Aa, sasa naelewa." Sauti ya Vera ilishuka, ikawa baridi kuliko theluji. "Umekuja kuniigizia. Kanisani palikuwa padogo, ukaona uje hapa, watazamaji wapite na mbwa wao. Hapa si jukwaani, mama! Hapa hakuna wa kukupigia makofi!"

Hiyo ndiyo iliyouma kuliko zote. Mtu anayekula kwa sauti yake amekuja kukaa bila sauti, na bado anaambiwa anaigiza. Telesia aliuma midomo. Ukiwa chini ya mkeka hujitetei.

Ndipo kijisauti kingine kikasikika, kutoka mlangoni.

"Haigizi, Bibi."

"Ingia ndani, utapata mafua."

"Haigizi. Aliniambia Jumatatu moja. Kwao ukimkosea mtu sana, unakwenda kukaa kwake, unajifunika mkeka, husemi. Akitaka anakupiga. Akitaka anakufunua. Ni aliyekosewa tu anayeweza kuufunua, mtu mwingine haruhusiwi." Mtoto akavuta kamasi. "Ni wewe tu, Bibi."

Telesia alifinya macho yake kwa nguvu. Jumatatu moja! Alidhani zote zimepotea. Alidhani mtoto alikuwa anatazama katuni.

Vera alipiga hatua kurudi ndani.

"Basi atakaa sana," akasema. Mlango ukafungwa.

Saa mbili. Saa tatu. Miguu iliuma, kisha ikaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi. Jirani mwenye mbwa alisimama, akauliza kwa Kiingereza kama kuna tatizo, akajibiwa na ukimya, akaenda zake haraka. Saa nne likaja gari la askari. Telesia alisikia buti zikikanyaga theluji, zikampita, zikabisha hodi.

"Bibi, tumepigiwa simu. Huyu mtu unamfahamu? Unataka tumwondoe?"

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja tu.

"Kumwondoa?" Vera alisema, na Telesia akamwona kwa moyo jinsi alivyoinua kidevu. "Huyo ni mkwe wangu. Yuko kwake. Sijawahi kuita askari kwa mtu wa nyumbani kwangu, na sitaanza nikiwa msibani."

"Lakini, bibi, ni baridi kali..."

"Ninajua ni baridi. Ninakaa hapa."

Buti zikarudi. Gari likaondoka. Mlango, safari hii, haukusikika ukifungwa.

Saa tano simu ilianza kutetemeka mfukoni mwake. Ikatetemeka, ikaacha, ikaanza tena. Shaheen. Msimamizi. Shaheen. Kila mtetemo Telesia aliona gauni lile limening'inia, limepunguzwa kiunoni, halina mtu ndani.

Pindo la mkeka likainuka.

Telesia alidhani ni Vera. Lakini aliyeingia aliingia kwa kutambaa, na koti la waridi, na kofia imefunika jicho moja.

"Sijaufunua," Leanne alinong'ona haraka. "Nimeingia kwa chini. Kuingia inaruhusiwa?"

Telesia aliitikia kwa kichwa. Na yeye aliingia hivyo, zamani, ubavuni kwa mjomba.

Wakakaa. Pumzi zao zilifanya ukungu mmoja.

"Mikono yako ni ya buluu," mtoto alisema. Akaishika, akaiweka ndani ya koti lake. Halafu, bila kumtazama: "Kwa nini hukumwimbia Babu?"

Hakuna kusema chini ya mkeka. Lakini huyu naye alikosewa, na huyu ameuliza.

"Niliambiwa kazini..."

"Hiyo najua. Bibi huisema kila siku. Kwa nini?"

Macho ya miaka saba hayapigiwi porojo.

"Niliogopa," Telesia alinong'ona. Hakuwahi kumwambia mtu, wala mwenyewe hakuwahi kujiambia. "Simu ilipoita nilikuwa nimefika, Leanne. Nilikuwa kwenye ngazi za kanisa. Ningeweza kukataa. Lakini nilimsikia Bibi analia ndani, nikaogopa. Jukwaani ninalia kila siku kwa maneno ya watu wengine, sihisi kitu. Mle ndani ningelia kwa ya kwangu. Kwa hiyo nilipopigiwa simu... nilifurahi. Nilikimbia."

Leanne alifikiri.

"Mimi nilikuona," akasema. "Nilikuwa mlangoni na mdogo wake Babu, tunagawa karatasi za nyimbo. Nilikuona mpaka ulipopanda teksi. Sikumwambia Bibi."

Wasomaji wangu, sijui mngefanya nini. Telesia alifanya alichoweza. Alimvuta mtoto kifuani na midomo yake ya baridi ikaanza, chini kabisa, wimbo ule. Haukuwa wimbo wa kufika kiti cha mwisho. Ulikuwa wa kupenya ukuta tu. Sauti ilikatika mara mbili, na mara zote mbili Leanne aliidaka pale ilipokatika, kwa Kisamoa ambacho Telesia hakujua kwamba anacho, akaibeba mpaka mama yake akapata pumzi.

Simu mfukoni ilitetemeka kwa muda mrefu, ikanyamaza. Haikutetemeka tena. Saa sita na nusu ilikuwa imepita.

Wimbo ulipokwisha walisikia theluji inakanyagwa. Hatua nzito, fupi, za mtu anayeogopa kuteleza. Zikasimama.

Mkeka ukafunuliwa.

Mwanga mweupe ulimpiga Telesia usoni. Vera alikuwa amesimama juu yake na ndara za ndani, bila koti, uso umelowa mpaka kidevuni.

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akiusikia," alisema. "Kupitia ukuta. Mimi nilikuwa namwambia ziba masikio ulale. Kumbe..." Akainama, akamshika Telesia kwapani, akamwinua kama mtoto. "Simama. Simama, mwanangu. Nimekusamehe. Domnic amesikia. Simama, usije ukafa hapa nikazika na wewe."

Wakashikana, mkeka katikati yao.

Honi ikalia.

Teksi ya rangi ya chungwa ilikata kona, ikasimama ikiserereka. Hasham alitoa kichwa nje.

"Dada Telesia! Shaheen amewadanganya wenye mali kwamba umekwama kwenye theluji, wamekubali kungoja mpaka saa nane kasorobo! Saa moja imebaki! Panda, nakufikisha!"

Akaufungua mlango wa nyuma.

Telesia aliutazama. Gauni. Taa. Jina mlangoni. Miaka kumi na moja ilikuwa imefungua mlango, hatua kumi tu kutoka pale aliposimama.

"Mwambie Shaheen ahsante," alisema. "Siendi."

"Dada!"

"Siendi, Hasham." Na alishangaa jinsi neno lilivyotoka jepesi. Akamgeukia Vera, akamshika mikono yote miwili. "Mama, umenisamehe. Sasa nakuomba. Niachie Leanne. Nitatafuta kazi ya mchana, yoyote. Nitakuwa na Jumapili. Usimpeleke Calgary."

Vera alimtazama kwa muda mrefu, na katika macho yale hapakuwa tena na hasira hata chembe. Palikuwa na huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtia Telesia baridi ambayo theluji haikumtia.

"Mwanangu," Vera alisema polepole. "Uliniona jana nina maneno makali. Nilitaka unichukie mimi. Nilidhani ni afadhali." Akameza mate. "Si mimi niliyetaka Calgary. Nyumba yangu iko hapa. Kaburi la mume wangu liko hapa. Wala si Brendan, Brendan hajawahi kutaka kitu."

"Nani, basi?"

Vera alitazama chini, kwenye kofia ya waridi.

Leanne alikuwa ameushika mkeka, anaukunja peke yake, upande kwa upande, vizuri, kama alivyoona bibi yake akifanya.

"Mimi," alisema. "Nilimpigia Baba baada ya mazishi. Nilimwomba."

"Leanne... kwa nini?"

Mtoto aliiteremsha kofia mpaka ikafunika macho.

"Hapa uko karibu," alisema. "Kwa hiyo usipokuja, ni kwamba hukutaka. Huko Calgary usipokuja, nitasema ni mbali."

Mlango wa teksi ulikuwa bado wazi.